Madoa na Sanduku la Mama Mkwe

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwepo, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Madoa, na aliyempa jina hilo ni shangazi yake wa damu, siku ile Madoa alipotandaza picha yake ya kwanza sakafuni ikauke. Shangazi aliingia, akasimama, akauliza kwa nia njema kabisa ni nani kamwaga nini na kwa nini hakijafutwa.

Madoa hakununa. Angenunaje, na yeye mwenyewe akiangalia aliona shangazi ana hoja? Picha zake hazikuwa na mtu, wala nyumba, wala mti. Zilikuwa rangi tupu: nyingine pana na nzito kama blanketi, nyingine nyembamba kama uzi, zinakutana, zinasukumana, moja inapisha, nyingine inagoma. Ukimuuliza hii ni picha ya nini, alijibu, "Ya alasiri," au, "Ya watu waliokaa," nawe ulirudi kwako na swali lile lile ulilokwenda nalo.

Uchoraji hakuusomea. Alichosomea, kama ni kusoma, ni kaunta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, enzi zile mteja alikuja na maneno tu. "Nataka bluu ya mlango wa kwa mama yangu. Si ile kali, ile iliyochoka kidogo." Madoa aliuliza: mama alikuwa mpole? Mlango ulipigwa na jua la asubuhi au la jioni? Mteja anasimulia, yeye anachota, anakoroga kwa kijiti, anapaka tone kwenye ubao, mpaka mteja anakatiza sentensi yake mwenyewe na kusema, "Hiyo hiyo."

Halafu ikaja mashine. Unabonyeza namba, rangi inashuka. Mashine haina haja ya kujua mama yako alikuwaje. Madoa akapewa barua, akapewa mkono, akapewa na ruhusa ya kubeba makopo yote ambayo wateja waliyarudisha kwa kutoridhika. Yalikuwa sitini na kitu. Akahamia nayo kwa dada yake mkubwa.

Dada alikuwa fundi cherehani, mjane, na sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na kwenye pembe kulikuwa na pazia la kupimia nguo na kioo kirefu chenye ufa uliowafanya wateja wote waonekane wana viuno. Ukuta mrefu uliobaki alipewa Madoa. Dada ndiye aliyemshonea vitambaa vya kuchorea, dril nzito zilizounganishwa kwa mshono wa kulala, ambao hata ukipaka rangi mara kumi hauachii. Alikuwa haelewi picha hata moja, lakini mishono yake aliielewa, na kila picha ilipoisha alipitisha kidole nyuma yake, akasema, "Imekaa vizuri."

Nyumba haikuwahi kuwa tupu. Shangazi, mkunga mstaafu anayejua tarehe za kuzaliwa za watu ambao wangependa zisijulikane, alifika kila asubuhi "kusalimia tu" na kuondoka jioni. Kinyozi, ambaye duka lake lilipakana na sebule kwa ukuta mmoja, alikuja kuomba maji ya moto akasahau kurudi nayo. Alimwita kila mwanamke shemeji, ingawa hakuwa ameoa popote. Na alikuwepo Mama Mapacha, ambaye gauni lake moja lilikuwa likishonwa tangu mwanzo wa mwaka, maana kila lilipokaribia kwisha alipata jambo la kurekebisha.

Madoa alilalamika kila siku iliyokuja. "Jamani, mtu hapa anafanya kazi."

"Na sisi tumekuja kuogelea?" Dada alimjibu, pini mdomoni.

"Mnanitoa akilini."

"Mwanangu," Shangazi alisema, "hizo picha zako hata mwenye akili zote asingezichora. Shukuru."

Watu walicheka, naye alicheka huku amewapa mgongo, na mkono ukaendelea. Makopo yake hayakuandikwa nyekundu wala kijani. Moja liliandikwa Shangazi, na lilikuwa wekundu wenye tangawizi ndani yake. Jingine Kinyozi, kijani cha sabuni iliyokwisha kutumika. Lile alilolipenda kuliko yote liliandikwa Mama Mkwe. Hilo alilichanganya wiki ile Mama Mapacha alipoanza kusimulia habari za mama wa mumewe, aliyekuja kukaa siku tatu na sasa alikuwa na mwezi wa tatu. Kikongwe huyo alikuwa amehamisha sufuria zote, amebadilisha mahali pa kitanda, na alikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Madoa hakuwahi kumwona. Alisikiliza tu, akakoroga, ikatoka kahawia nzito yenye manjano kwa chini, rangi ya mtu anayejua anakera na bado hana haraka.

Kazi aliyokuwa nayo sasa ilikuwa ya maktaba. Mkutubi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kunyapa, alikuwa ameiona picha moja ya Madoa dukani kwa Kinyozi, imetundikwa ubavu kwa sababu ya mahali palipokuwa na msumari, akasimama mbele yake mpaka waliokuja kunyolewa wakaanza kuulizana. Wiki mbili baadaye alirudi na vipimo vya ukuta: mita tatu kwa mbili, juu ya meza za kusomea. Mafundi walikuwa tayari ndani ya jengo wakipaka kuta zote rangi ya maziwa. Picha ikifika Jumamosi ya kufungua, itatundikwa. Isipofika, ukuta nao utapakwa maziwa, basi.

Kwa Madoa hilo halikuwa jambo dogo. Picha zake zote, ukiacha ile ya kwa Kinyozi, zilikuwa kwa ndugu, na ndugu walikuwa wameziweka kwa mapenzi nyuma ya milango. Kaka yake mmoja aliitumia ya kwake kuziba ufa, akasema haijapata kutokea picha yenye faida kama ile. Hii ya maktaba ingekuwa ya kwanza kutundikwa ili itazamwe na watu wasiomjua, ambao hawakulazimika kumpenda.

Wiki moja kabla ya Jumamosi ya kufungua maktaba, Mkutubi alikuja kuona ilipofikia. Nyumba ilikuwa imejaa. Mama Mapacha alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja ndani ya gauni na mwingine nje, akisimulia.

"Basi jana asubuhi natoka chumbani, namkuta mama mkwe kafunga sanduku. Hasemi kitu. Kalisogeza mpaka mlangoni, kalikalia. Nami nikajiambia, leo ndiyo leo. Nikamsogelea..."

Mlango ukagongwa.

Mkutubi aliingia, akasalimia, akaitazama picha kwa muda mrefu. Ilikuwa karibu imekwisha. Rangi zote zilikuwemo, wekundu wa Shangazi umekata katikati kama kawaida yake, na ile kahawia ilishuka kutoka juu, ikapita nyuma ya wenzake, ikazunguka, ikafika kona ya chini kulia na kusimama. Kona yenyewe ilikuwa tupu.

"Unahitaji nini ili umalize?" Mkutubi aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Madoa swali hilo, na kichwa kikavimba. Akamkumbuka mchoraji mmoja aliyemsikia redioni, mtu mwenye sauti nzito, anavyosema anakwenda milimani peke yake miezi minne.

"Utulivu," alisema, na sauti yake ikatoka nzito. "Sisi wasanii, bila utulivu kazi haitoki."

Mkutubi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Dada, pini mdomoni, alisikia. Shangazi alisikia. Mama Mapacha akafunga mdomo, akavaa nguo zake, hadithi akaondoka nayo.

Jumatatu Madoa aliamka akakuta sebule si yake. Cherehani haipo, meza haipo, hata kiti cha Shangazi hakipo. Dada alikuwa amehamishia kila kitu dukani kwa Kinyozi, na mlangoni amebandika karatasi: MSANII YUKO KAZINI. TUSIMPIGIE KELELE. Chini yake, kwa mwandiko wa Shangazi: HATA KUSALIMIA.

Madoa alijitia kufurahi. Alifungua makopo, akapanga brashi, akavuta kigoda mbele ya kona tupu. Akakaa. Aliichovya brashi kwenye kopo la Kinyozi, akaitazama ile rangi, ikawa ni kijani tu. Akakoroga la Shangazi, ikawa ni nyekundu tu. Kufikia mchana alikuwa ameosha brashi zote mara mbili. Kufikia jioni alikuwa amezipanga kwa urefu.

Jumanne alipaka kona bluu, akaifuta. Akapaka chungwa, akaifuta. Kitambaa kilianza kulowa na kulegea. Nyuma ya ukuta kunong'ona kukawashinda watu, wakacheka, kicheko kile cha kuvunja mbavu ambacho mtu hupiga paja la mwenzake, na yeye maneno hayapati, anapata mvumo tu. Jumatano alichukua glasi jikoni, akaibandika ukutani, akatega sikio. Alisikia mashine ya kunyolea.

Alhamisi uzalendo ukamshinda, akaenda.

Duka la Kinyozi lilikuwa na viti viwili na kioo kimoja, na sasa lilikuwa na cherehani, meza, Shangazi, mwanamke aliyezungushiwa futi kiunoni na mwanamume aliyenyolewa nusu kichwa anayetafuta pa kutazama. Madoa alipotokeza tu mlangoni, soga lilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Karibu, shemeji," Kinyozi alinong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Dada kasema."

Shangazi alikuwa amebana midomo mpaka machozi yanamlengalenga. Mtu aliyemfahamu angejua kuwa huyu mama ana habari mdomoni na inamuunguza.

"Umemaliza?" Dada aliuliza, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Bado kidogo."

"Basi rudi, mdogo wangu. Usituwaze. Sisi hapa tuko raha mustarehe." Goti lake la kulia lilikuwa limekwama chini ya sinki la kuoshea vichwa.

Madoa alitaka kusema. Neno lilifika kabisa kwenye meno. Lakini yule mteja wa nusu kichwa alikuwa akimtazama kwa heshima, na mtu akishakuwa msanii mbele ya watu, kushuka kuna kazi. "Nilikuja kuazima mkasi," alisema. Akapewa mkasi, akarudi nao, akakaa nao mapajani mbele ya kona tupu.

Haikupita saa, Dada akaja na chai. Aliingia bila viatu, anakanyaga kwa vidole, akaweka kikombe chini bila kukigusisha na kisahani. Kwenye bega lake kulikuwa na nywele za mtu.

"Wateja wengi nimewaambia wasije mpaka Jumatatu," alinong'ona. "Wengine wameona bora waende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Si kitu. Watarudi. Wewe tulia tu."

Akageuka kuondoka, anachechemea kwa lile goti. Madoa alimtazama mgongo ule, mgongo uliomshonea sare za shule na vitambaa vya mita tatu, na ndipo uvimbe wa kichwa ukamshuka.

"Dada. Yule mama mkwe aliondoka?"

"Achana na umbea wetu. Fanya kazi."

"Nakuuliza aliondoka au hakuondoka."

"Sijui. Mama Mapacha hajamalizia. Kasema hawezi kusimulia habari za ndani mbele ya wanaume wenye povu kichwani."

"Yaani mpaka leo yule bibi kakalia sanduku?"

"Mpaka leo."

Madoa aliitazama ile kahawia iliyofika konani na kusimama. Siku nne alikuwa akiitafutia rangi, na kumbe rangi haikuwa na kosa.

"Nilidanganya, Dada," alisema. "Ule utulivu. Sijui hata unafananaje. Nilimsikia mtu redioni."

Dada alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha goti.

"Rangi zangu zote nimezichanganya watu wakiongea," Madoa aliendelea. "Dukani vile vile, hapa vile vile. Mkinyamaza, mkono hauna pa kushika. Sikujua. Kila siku nawafokea, na kumbe nyinyi ndio..."

"Siku nne," Dada alisema, "nimekaa na goti kwenye sinki."

"Najua."

"Nywele za watu zimeingia kwenye upindo wa nguo za watu."

"Naziona, Dada."

"Shangazi yako hajasema neno kwa sauti tangu Jumatatu. Nilidhani atatufia mikononi."

"Nisamehe."

"Kwa ajili ya mtu wa redio." Dada alitikisa kichwa, mabega yakaanza kutikisika pia, na Madoa alipoinama kumwangalia vizuri akakuta analia kwa kicheko. Akamvua mdogo wake kandambili, maana yeye mwenyewe alikuwa peku, akagonga nayo ukutani mara tatu.

"Shangazi," aliita, kwa sauti yake ile ya siku zote, ya kufika barabarani. "Tuma mtu amwite Mama Mapacha. Na cherehani yangu airudishe Kinyozi mwenyewe, asiiburute."

Waliingia kama maji. Shangazi alifika kabla ya kiti chake, na kabla hajakaa alikuwa ameshatoa habari tatu, mbili kati ya hizo zikiwa za uongo. Kinyozi alibeba cherehani huku mteja wake wa nusu kichwa akimfuata kwa nyuma, kwa kuwa hangeweza kwenda popote. Mama Mapacha aliingizwa ndani ya gauni, mkono mmoja ndani na mwingine nje, kama alivyokuwa, akaombwa aendelee pale pale.

"Nikamsogelea," Mama Mapacha alisema. "Nikamwambia, mama, safari ni leo? Akasema, ndiyo, nimewachosha. Nikanyamaza. Miezi mitatu nimeomba aondoke, jamani, hamkunisikia? Basi akakaa pale. Saa nne kakaa. Saa sita kakaa. Mapacha wanatoka na kuingia, wanamruka. Mume wangu kajificha bafuni. Saa tisa nikasema, mama, utakula kwanza? Akasema, kama mnataka nile. Nikasema, tunataka. Akasema, kama mnataka nibaki, hamkusema."

"Ehee," Shangazi alisema.

"Nikajikuta nasema, baki, mama. Sijui nani alinisemesha. Akainuka kama msichana. Nami nikalishika lile sanduku nimrudishie ndani, nikakaza misuli, nikavuta, nikaangukia nyuma na sanduku tumboni. Jepesi kama kikapu. Nikalifungua. Hakuna kitu. Siku nzima mtu kakalia sanduku tupu."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya Dada ashone mkono wa gauni hadi mfukoni. Kinyozi alijishikilia kwenye kioo. Na katikati ya hayo yote, akiwa amewapa mgongo kama kawaida, Madoa alichukua brashi nyembamba, akaichovya kwenye kopo la Mama Mkwe pale chini manjano ilipotuama, akaizungushia kona ile mstari mmoja, pande nne. Ndani hakuweka kitu. Akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akamkanyaga mteja wa nusu kichwa, akaomba radhi.

"Imekwisha," alisema. Hakuna aliyemsikia.

Jumamosi walikwenda maktaba wote. Dada alivaa viatu vya harusi za watu, Shangazi alijifunga mdomo kwa leso ili asisahau ni mahali gani, Kinyozi alifunga duka. Mama Mapacha alivaa gauni lake, lililokwisha hatimaye, na alikuja na mama mkwe mwenyewe, kikongwe mdogo mwenye macho yasiyotulia. Madoa alimtazama kwa siri. Rangi alikuwa ameipatia, isipokuwa manjano ingezidi kidogo.

Picha ilikuwa juu ya meza za kusomea, kati ya kuta za maziwa, pembeni ya kibao kilichoandikwa KIMYA. Watu wasiomjua walikuwa wameinua vichwa kutoka kwenye vitabu vyao. Dada aliomba ruhusa, akapitisha kidole nyuma ya picha.

"Utulivu wako unaonekana," Mkutubi alimnong'oneza Madoa. "Hasa kona hii. Nikiitazama najiona niko peke yangu mlimani."

Hapo angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Sauti nzito ilikuwa tayari kooni. Lakini goti la Dada, lile la sinki, lilikuwa limefungwa bandeji.

"Hakukuwa na utulivu," Madoa alisema. "Nilikudanganya, unisamehe. Picha nzima hii ni kelele. Huyu mwekundu ni shangazi yangu. Bila hawa niliokuja nao nisingeimaliza, ungekuwa na ukuta wa maziwa."

Mkutubi aliwatazama mmoja mmoja. "Na kona?"

Madoa alimwangalia Mama Mapacha, na Mama Mapacha aliiangalia dari. "Kona ni sanduku," alisema.

"La nani?"

Leso ya Shangazi ilipanda na kushuka.

"Langu hilo," mama mkwe alisema, kwa sauti kamili, na ukumbi mzima ukageuka. Alikuwa ameisogelea picha mpaka pua inakaribia kuigusa. "Ila huyu mwanangu amewapa habari nusu. Halikuwa tupu. Lilikuwa na kitana."

Mkutubi aliinua kidole kukielekeza kwenye kile kibao. Kidole kikabaki hewani.

"Kitana tu?" aliuliza.

"Nawe ungebeba nini," mama mkwe alisema, "kama hukusudii kwenda?"

Mkutubi akavuta kiti. Msomaji mmoja wa meza ya karibu akafunga kitabu, kidole ndani. Dada tayari alikuwa akimtafutia kikongwe mahali pa kukaa, Kinyozi akimwita shemeji, na Madoa, aliyekuwa ameweka brashi ndogo mkobani kwa mazoea tu, aliipapasa kwa vidole huku akiitazama kona yake, akipima kitana kingekaa wapi.